NANI ATALIKUNJA GOTI LAKO?



Umepokea karatasi hii labda kwa aibu tu, kwa sababu aliyekupa alikutazama usoni. Labda umesimama pembeni ya uwanja, mikono mfukoni, unaangalia watu. Sawa. Usiifungie karanga kwanza. Sitakuuliza unasali wapi, wala jana usiku ulikuwa wapi. Nina swali moja tu kwako, nalo linahusu goti.

JE, MTU MWINGINE ANAWEZA KUKUPONYA MPAKA MWISHO?

Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka. Nikasema ndiyo, si ndiyo kazi ya daktari? Jibu hilo lilinigharimu miezi mitatu ya maisha yangu, na ng'ombe ambaye hakuwa wangu.

Mimi ni mtu wa Mkonze, hapa hapa Dodoma. Mwaka 2019, jioni moja ya mwezi wa saba, wakati ule upepo wa Dodoma unapoinua vumbi hadi taa ya pikipiki inaonekana kama mshumaa, nilikuwa nimepakiwa kwenye bodaboda. Tulikuwa tunakimbia. Tunawahi nini? Hakuna! Tulikuwa vijana tu. Mbuzi akakatiza. Nilipofumbua macho nilikuwa kwenye mchanga, na mguu wangu wa kulia umelala upande ambao mguu haulali. Mfupa wa paja ulikuwa umekatika.

Siku chache baadaye nilipasuliwa. Nakumbuka taa kubwa, nakumbuka sauti ikiniambia nihesabu, basi. Nilipoamka kazi ilikuwa imekwisha. Ndani ya mfupa wangu kulikuwa na chuma kirefu, kinene kama kidole, kimefungwa skrubu juu na chini. Mimi sikufanya lolote. Sikushika kisu, sikushika nyundo, hata jasho sikutoka. Nililala, wengine wakafanya.

Hebu nikuambie kidogo habari za chuma hicho, maana ndiko swali langu linakoanzia. Zamani aliyevunjika paja alilazwa chali, mguu ukavutwa kwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, wiki baada ya wiki, mwezi na zaidi. Wazee wako wanazikumbuka wodi hizo, na hata leo ziko hospitali ambazo hazina njia nyingine. Mwaka 1939 daktari wa Kijerumani, Gerhard Küntscher, akaanza kupitisha chuma ndani ya mfupa wenyewe. Wakati wa vita ile ya pili, askari waliotekwa na Wajerumani walirudi kwao na vyuma mapajani, na madaktari wa kwao walipopiga picha wakabaki wanatazamana. Halafu mwaka 1999 Mmarekani mmoja, Dakta Lewis Zirkle, akaanzisha shirika la SIGN, linalotengeneza chuma ambacho daktari anaweza kukifunga hata kama chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei. Kimefika hospitali nyingi za nchi kama yetu, hata taasisi yetu ya mifupa, MOI, pale Muhimbili, wamekitumia.

Sasa sikiliza. Watu hao walihangaika hivyo kwa nini? Mifupa mingi ilikuwa inaunga hata kwa kuning'iniza mawe. Faida kubwa ya chuma ni kwamba mgonjwa anaweza kuinuka MAPEMA. Chuma kinashika mfupa ili msuli ufanye kazi, goti likunjike, damu itembee. Yaani kimewekwa ndani yako ili usilale.

Mimi nikakipeleka kulala.

Kesho yake tu baada ya upasuaji alikuja dada mmoja wa mazoezi ya viungo. Mwembamba, sauti ya chini. Nilidhani amekuja kunikanda. La! Akasema, "Mdogo wangu, chezesha kanyagio." Alimaanisha wayo wangu, juu na chini, kama ninayekanyaga breki, ili damu isigande kwenye ndama ya mguu. Halafu akaniambia nilikandamize goti kwenye godoro, nishike hapo nikihesabu hadi tano, niachie. Mara kumi. Kisha niburute kisigino kuja kwangu, polepole, goti lipande. Mara kumi. Hayo yote mara kadhaa kwa siku, kila siku. Nilitegemea jambo kubwa, mashine, umeme. Kumbe ni kuhesabu hadi tano!

Akanifundisha na magongo: uzito uende kwenye viganja, si kwapani, maana kwapani kuna mishipa ya fahamu na ukiiegemea sana mkono unaweza kufa ganzi. Kwenye ngazi, mguu mzima ndio hutangulia kupanda, na mguu mgonjwa ndio hutangulia kushuka. Kisha akachukua kipimo, kama kile kipimapembe cha kwenye mkebe wa hesabu, akakiweka gotini. Akasema kutembea tu kawaida kunataka goti likunjike nyuzi kama 60. Kupanda ngazi, 80 na zaidi. Kuinuka kwenye kiti cha chini, 90 na zaidi. "Na choo chenu nyumbani ni cha kukaa au cha shimo?" Nikasema cha shimo. Akatabasamu. "Basi wewe unahitaji zaidi ya 110. Fanya mazoezi."

Nikarudishwa Mkonze kwa bajaji, mguu umenyooshwa kwenye kiti kama mzigo wa kuni.

Na hapo ndipo HURUMA ilipoanza kuniua.

Nisemeje juu ya mama yangu? Alinitandikia kitanda chini ya mwembe. Alinipa mto wa kuweka chini ya goti, kwa sababu goti likiinuliwa kidogo na kuachwa hapo lilikuwa haliumi. Mto mzuri sana. Kumbe mto huo ulikuwa unalifundisha goti kukaa mahali pamoja. Maji ya kunawa yalikuja kitandani, chakula kikaja kitandani, ugali wa mtama na mlenda, hata chaja ya simu ililetwa. Nikijaribu kuburuta kisigino nikaguna, mama alikuja mbio: "Acha mwanangu, acha, utatonesha kidonda!" Shangazi akasema mwili unajua wenyewe. Jirani akaleta mafuta ya kuchua. Nikitaka kusimama na magongo, watu watatu walinishika. Na kweli njia zetu ni za mchanga, gongo linazama kama mti wa kupandia mahindi, sikulaumu mtu kwa kuogopa.

Nami, bwana, nilipenda! Nani hapendi kuwa mfalme?

Kila baada ya wiki mbili nilirudi kwa yule dada. Aliuliza, "Mazoezi unafanya?" Nikasema nafanya. "Mara ngapi?" Nikasema asubuhi, mchana na jioni. Nilisema huku nikimtazama machoni. Yeye hakubishana. Alichukua kile kipimo chake, akakiweka gotini. Wiki ya sita: nyuzi 35. Aliandika tu kwenye daftari. Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kofi.

Jiulize hapa, rafiki yangu. Nilikuwa namdanganya nani? Mwalimu unaweza kumdanganya, akapitisha daftari. Mzazi unaweza kumdanganya, akalala usingizi. Unaweza kumdanganya hata mpenzi wako. Lakini goti haliulizwi, linapimwa.

Mwezi wa tatu goti lilikuwa limeganda. Misuli ya paja ilikuwa imeyeyuka hadi suruali inapepea, na ndani nyama za kovu zilikuwa zimeshikana. Madaktari wakaamua nirudishwe chumba cha upasuaji, nilazwe usingizi tena, walikunje goti kwa mikono yao. Fedha zikatakiwa tena. Mara ya kwanza mtaa ulikuwa umenichangia: vijana wa kijiweni, mama wa genge, watu wa kanisani na watu wa msikitini. Mtu ambaye mpaka leo simjui alikuwa ametoa damu. Mara hii hatukuthubutu kupitisha daftari la mchango tena. Baba akauza ng'ombe. Alikuwa na watatu.

Nikalala, wakakunja. Nilipoamka, wakaniambia goti limefika nyuzi 100 mezani. Nikafurahi! Nikasema, haya, sasa yamekwisha. Usiku ule mguu uliwaka moto, nikaunyoosha nikaufungia kwenye mto. Kesho yake dada yule akaja na kipimo: 70. Kesho kutwa: 60. Nyuzi 40 zimeondoka kwa siku mbili, na ng'ombe wa baba ameondoka nazo!

Ndipo yule dada akavuta kiti akakaa. Kwa mara ya kwanza hakusimama. Akasema, kwa sauti ile ile ya chini, "Mdogo wangu, daktari amelikunja likiwa limelala. Goti lililokunjwa na mtu mwingine linarudi lilikotoka. Mimi naweza kukuonyesha, naweza kukusaidia, naweza kukusubiri. Kukunja siwezi."

KIJANA, UMESIKIA HILO?

Nimeligeuza neno lile miaka mingi sasa. Yako mambo ambayo mtu mwingine anaweza kukufanyia, na ni dhambi ya kiburi kukataa. Kuna aliyekushona, kuna aliyekulipia, kuna aliyekubeba. Peke yangu ningekufa kwenye mchanga ule. Kwa hiyo usiniambie habari za "mimi ni mtu wa kujitegemea". Hakuna mtu kama huyo. Hata kitovu chako kilikatwa na mwenzako. Lakini baada ya yote hayo kunabaki sehemu ndogo, ndogo kabisa, kama kuburuta kisigino sentimita moja, ambayo wapendwa wako wote wakikusanyika hawawezi kukufanyia. Na yote waliyokufanyia yanapita kwenye tundu lile dogo au yanamwagika.

Ninyi vijana mnapenda kusema, "Mwili ni wangu, maisha ni yangu." Nilikuwa nasema hivyo. Lakini niangalie mguu huu vizuri. Chuma kimetokana na kazi ya watu wasionijua. Damu ni ya mtu wa kwenye benki ya damu. Fedha ni za mtaa. Goti lilikunjwa kwa ng'ombe wa mzee. Sasa nikikaa nisifanye mazoezi kwa sababu "ni mguu wangu", namwibia nani? Nilipolala pale sikuwa mgonjwa tu. Nilikuwa mdeni anayejificha kwenye shuka.

Na mama je, hakunipenda? Alinipenda, hilo sina shaka nalo. Lakini kuna upendo unaoona chozi la leo tu, na kuna upendo unaoona mlango wa choo mwaka kesho. Wa kwanza ni mtamu, na ndio unaotupendeza sote tunapougua. Wa pili tunauita ukatili. Nilimwita dada yule katili, tena mbele ya watu, na yeye ndiye pekee aliyekuwa anaona nikitembea.

Utaniuliza: maumivu je? Mwili si unaumia ili kusema acha? Swali zuri, na wengi wanaharibikiwa hapa kwa pande zote mbili. Yako maumivu ya kuvutwa: yanapanda unapokunja, yanashuka ukipumzika, kesho yake goti liko vile vile au limeongezeka kidogo. Hayo ni ya kazi. Yako maumivu mengine: goti linavimba, linawaka moto, na kesho yake linakunjika kidogo kuliko jana. Hapo umezidisha, punguza, mwambie mtaalamu. Na ndama ya mguu ikivimba na kuuma, au kidonda kikitoa usaha na homa, usikae nyumbani ukisubiri: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kifua kikibana ghafla ukakosa pumzi, ukimbizwe saa ile ile. Usijitie ushujaa kwenye hayo. Kumtii maumivu katika kila jambo ni utumwa. Kutomsikiliza kabisa ni ujinga. Kati ya hayo mawili ndipo mtu mzima anapokaa, na huwezi kujua ni wapi mpaka umeanza kukunja.

Lakini nisikilize tena, kwa sababu maneno haya yanaweza kugeuzwa kuwa fimbo. Wapo waliovunjika uti wa mgongo, wakafanya mazoezi kuliko mimi mara mia, na hawatatembea. Wapo walioacha kwenda kliniki kwa sababu nauli imekwisha, na huwezi kumhubiria bidii mtu asiye na nauli, mpe nauli. Ukimwona mtu na magongo njiani, USISEME moyoni mwako kwamba huyu ni mvivu. Hujui kipimo chake kilisoma ngapi jana. Swali hili kila mtu analiulizwa juu ya goti lake, si juu ya goti la jirani.

Na kwa kuwa karatasi hii unaipata mkutanoni, niseme na hili, hata kama wengine hawatalipenda. Nimewahi kuona mtu mwenye mguu uliotoka kuvunjika akiambiwa atupe gongo mbele ya watu. Alilitupa. Watu walishangilia, na saa mbili baadaye nduguze walikuwa wanalitafuta gizani. Mfupa wa paja huchukua miezi kuunga, mara nyingi mitatu hadi sita, na gongo si ukosefu wa imani. Hata yule mtu wa zamani aliyelala kando ya birika miaka 38, kabla ya kuinuka, aliulizwa kwanza kama anataka kupona. Swali la ajabu, siyo? Nani asiyetaka? Mimi. Mimi nilikuwa sitaki, chini ya mwembe, na mto chini ya goti. Na alipoinuka hakubebewa mkeka wake; aliambiwa aubebe mwenyewe.

Nchi hii yote ilitazama jambo hilo mara moja, siasa weka kando. Tarehe 7 Septemba 2017, Tundu Lissu alipigwa risasi nyingi hapa Dodoma, akatibiwa kwanza hapa, akapelekwa Nairobi, na mwanzoni mwa 2018 Ubelgiji. Alipasuliwa mara nyingi. Upasuaji hatukuuona. Tulichoona ni picha za mwisho wa 2017, mtu mzima, wakili, mbunge, anashikiliwa ili asimame, kama mtoto wa mwaka mmoja. Alirudi Tanzania Julai 2020 akitembea, na kuchechemea. Ukimpenda au usimpende, kati ya picha ile na ndege ile kuna asubuhi mamia ambazo hakuna mpiga picha aliyekuwepo.

Asubuhi zangu zilianza siku ile dada alipokaa kwenye kiti. Niliutoa ule mto. Nilimwambia mama ukweli, kwamba nilikuwa nadanganya kliniki. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Na mimi nilikuwa najua." Ndiyo! Alikuwa anajua, na alikuwa anaona huruma kusema.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikaacha mguu uning'inie, nikausukuma nyuma kwa mguu mzima, nikihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nilitukana, nilikiri. Siku nyingine nililia. Nyuzi mbili wiki hii, tatu wiki ijayo, wiki nyingine hakuna, na wiki hiyo isiyo na kitu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu unafanya kazi na kipimo hakisemi asante. Goti langu leo linafika 115. La kushoto linakwenda mpaka kisigino kinagusa tako. Hayatalingana kamwe, na baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba ikija chuma kinaniambia kabla ya redio.

Kuna asubuhi moja ninayoikumbuka. Mama alikuwa ananiletea ndoo ya kunawa kitandani kila siku. Siku hiyo nilimsikia akichota maji, nikamsikia akipita dirishani na ndoo, hakuingia. Akaiweka bafuni, kule mwisho wa uwanja, hatua kama thelathini za mchanga. Akachukua jembe lake. Nilisikia nyayo zake zikienda, zikasimama kwenye kona ya nyumba, kimya, kimya kwa muda. Kisha zikaendelea kuelekea shamba.

Nikavuta magongo.